Filamu ya Pili Nyuma ya Ukuta

Kuna mtoto wa kiume anacheza peke yake chumbani. Kutoka upande wa pili wa ukuta wa bustani zinasikika kelele: mfungwa amekutwa akigombania tofaa, na sauti ya mwanaume inaamuru akazamishwe mtoni. Mtoto anasogea dirishani, kisha anarudi kwenye michezo yake na kujisemea kwa sauti ndogo: usirudie tena. Kamera haitoki mle chumbani. Mfungwa hatumwoni, mto hatuuoni. Lakini matofaa tunayajua, kwa sababu usiku mmoja kabla ya hapo, katika picha za kamera inayonasa joto la mwili, tulimwona msichana wa Kipolandi akiyaficha kwenye udongo mahali wafungwa wanapofanyia kazi, ili wapate chochote cha kutia tumboni. Anayeunganisha mambo hayo mawili ni mtazamaji mwenyewe, na anaunganisha kwa sikio. Wema wa yule binti umegeuka sababu ya kifo cha mtu, na katika The Zone of Interest hakuna mhusika hata mmoja anayelitaja jambo hilo.

Kati ya filamu nzito zilizowania tuzo kubwa mwanzoni mwa 2024, sikuona nyingine ambayo sauti yake imebebeshwa kazi kubwa kiasi hiki. Tarehe 10 Machi mwaka huo Oscar ya sauti ilikwenda kwa Johnnie Burn na Tarn Willers, mbele ya Oppenheimer iliyoondoka na tuzo 7 usiku huohuo. Kwangu ile ilikuwa hukumu ya haki, na njia nzuri ya kulithibitisha hilo ni kufuata kazi yenyewe ilivyofanyika.

Mwongozaji ni Mwingereza Jonathan Glazer. Alianzia kwenye riwaya ya Martin Amis ya mwaka 2014, lakini alichobakiza humo ni kidogo mno. Amis alimpa mkuu wa kambi jina la kubuni. Glazer amerudi kwa mtu halisi, Rudolf Höss, aliyeishi na mkewe Hedwig na watoto wao 5 kwenye nyumba iliyopakana na ukuta wa Auschwitz. Watu wapatao milioni 1.1 waliuawa katika kambi hiyo. Filamu inatuonyesha bustani, bwawa la kuogelea, mbwa, sherehe za kuzaliwa, na paa za majengo yanayochungulia juu ya ukuta. Yaliyomo ndani ya ukuta hatuyaoni, isipokuwa mwishoni, na wakati huo ni enzi nyingine.

Mpigapicha Łukasz Żal alificha kamera hadi 10 ndani na nje ya nyumba, zote zikirekodi kwa wakati mmoja. Taa za sinema hazikutumika. Mwanga ni wa dirishani na wa taa za nyumba. Mafundi walikaa mbali, wakafuatilia kwenye skrini, na Christian Friedel na Sandra Hüller wakaachwa waishi humo kama mume na mke bila mtu wa kuwaelekezea lenzi usoni. Matokeo yake, picha hazimpendelei yeyote. Kamera haimsogelei Höss ili tuusome uso wake, wala haimkimbii. Uamuzi huo wa kuficha kamera ulimpa Willers kibarua kigumu, maana mahali ambapo kila pembe inaonekana huwezi kuninginiza maikrofoni juu ya kichwa cha mwigizaji. Ilibidi zifichwe nyumba nzima, nazo zikanasa kila kitu: vijiko, milango, kilio cha kichanga, viatu vya bwana vikivuliwa mlangoni.

Hiyo ndiyo filamu ya kwanza. Ilihaririwa ikiwa na sauti za nyumbani tu, kisha ndipo Burn akaanza kuijenga ya pili juu yake, ile inayosikika tu. Kabla ya kugusa mashine alikusanya jalada la kurasa zipatazo 600 lenye ushuhuda wa walionusurika, mpangilio wa majengo, aina za silaha, magari na mitambo iliyokuwepo, pamoja na umbali wa kila kitu kutoka kwenye bustani ile. Kila mlio ulitakiwa uwe na mahali unapotoka.

Umbali ndio siri ya ufundi huu, kwa hiyo niukalie kidogo. Sauti inaposafiri hewani na kupita kuta, milio myembamba hufifia kwanza na mizito hubaki. Risasi iliyo karibu hupasua sikio. Ya mbali hufika kama kishindo kifupi chenye mwangwi wa majengo ya matofali iliyoyagonga njiani. Filamu nyingi za vita huipuuza kanuni hii na kuipandisha kila risasi mpaka ikae sawa na mazungumzo. Hapa risasi imeachwa pale pale ilipo. Hedwig anazungumza habari za maua, na mlio unapita chini ya sentensi yake bila kumkatiza. Hiyo ndiyo sababu unauamini: sikio linajua bila kufundishwa kwamba kitu kile kiko ng'ambo tu ya ukuta, na kwamba mwenye nyumba naye amekisikia.

Uamuzi wa pili naustahi zaidi. Burn hakutaka kuwaita waigizaji studioni walie na kupiga mayowe ya kuigiza. Alikwenda kutafuta sauti za watu halisi mitaani, zikiwemo za walevi wa usiku wa manane huko Hamburg na za waandamanaji wenye hasira jijini Paris, akaziweka mbali, nyuma ya ukuta, mpaka maneno yakapotea na kubaki sauti ya mtu tu. Sinema ina mazoea mabaya ya kulipisha mateso ya watu kwa machozi ya mtazamaji, na yowe la kuigiza ndiyo sarafu yake rahisi. Hapa hupewi yowe la kukuliza. Unapewa sauti ambayo huna hakika ni ya nini, na unabaki ukiisikilizia.

Chini ya hayo yote kuna mngurumo wa tanuri. Haukomi. Mchana umefunikwa na ndege na watoto, usiku unapanda. Dakika 20 za mwanzo unakusumbua. Baada ya saa moja unajikuta umeacha kuusikia, kama mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga nafaka ambaye wiki ya kwanza halali na ya pili haisikii tena. Hapo ndipo filamu inapokuwa imekufikisha. Hali ya moyo ya familia ile haikuelezwa kwa maneno. Imepandwa ndani ya sikio lako, nawe umeizoea.

Kipimo cha mazoea hayo ni mama yake Hedwig anapokuja kutembea. Anazungushwa bustanini, anasifia, kisha anajiuliza kwa sauti kama mwanamke Myahudi ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfanyia usafi zamani yumo mle ndani. Anakumbuka kwamba mapazia ya yule mama yalipopigwa mnada, yeye aliyakosa. Si mtu mwenye huruma. Ila sikio lake ni geni. Usiku anaamka, dirisha ni jekundu kwa moto, mvumo umejaa chumba. Asubuhi kitanda ni kitupu. Ameondoka bila kuaga, ameacha barua tu, nayo Hedwig anaisoma na kuitupa jikoni motoni. Glazer angeweza kumpa bibi huyo hotuba nzima. Alichompa ni kikohozi, dirisha na mngurumo.

Muziki wa Mica Levi umetumika kwa ubahili wa makusudi. Upo mwanzoni, skrini ikiwa nyeusi kwa muda mrefu kabla ya picha ya kwanza, upo kwenye maonyesho ya yule msichana, upo mwishoni. Maisha ya familia hayana muziki wowote wa kutuambia tuhisi nini. Kiza kile cha mwanzo nakiona kama somo la kusikiliza: macho yamenyimwa kazi, kwa hiyo sikio linajipanga.

Anatomy of a Fall ya Justine Triet, iliyochukua Palme d'Or huko Cannes mwaka 2023 wakati filamu ya Glazer ikichukua Grand Prix, nayo imeegemea sauti, na Hüller ndiye nguzo yake pia. Mahakamani unachezwa ugomvi ambao mume aliurekodi kwa siri siku moja kabla ya kufa. Filamu inatupeleka jikoni tuwaone wakibishana, kisha mapigo yanapoanza inaturudisha mahakamani, tunabaki na vishindo na vioo vinavyovunjika. Ni nani anapigwa? Mkato huo mmoja una akili kuliko maswali yote ya mwendesha mashtaka, kwa sababu unatuweka mahali pa mtoto Daniel, mwenye uoni hafifu, ambaye lazima aamue juu ya mama yake kwa kusikia.

Kwa Oppenheimer nina sifa na lawama. Jaribio la bomu la atomiki la tarehe 16 Julai 1945 limefanywa kwa ustadi. Kibanda alichokuwamo Oppenheimer mwenyewe kilikuwa kilomita 9 hivi kutoka kwenye bomu, na sauti huhitaji karibu sekunde 27 kuufikia umbali huo. Mwongozaji Christopher Nolan anaurefusha muda huo, tunautazama moto na kusikia pumzi tu, kisha kishindo kinafika. Vishindo vya miguu vinavyojirudia tangu mapema kabla hatujajua vinatoka wapi navyo ni wazo zuri. Lakini muziki wa Ludwig Göransson haupumziki. Umewekwa chini ya vikao, chini ya mahojiano, hata chini ya mazungumzo ya korido, na mazungumzo yaliyoandikwa vizuri yanakimbizwa kama watu waliochelewa treni. Ukimya wa jaribio lile unatikisa kwa sababu ni moja ya mara chache ambapo filamu imekubali kunyamaza.

Jambo la mwisho ni la vitendo, na linatuhusu sisi ambao wengi filamu kama hizi tunazipata kwenye simu na kompyuta. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini kabisa, na mngurumo wa tanuri unaishi huko chini. Ukiiangalia The Zone of Interest kwa simu utaona familia ya Kijerumani inayolima maua, utasoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini, na utashangaa watu wanasifia nini. Tafuta hedifoni nzuri zinazofunika sikio, au spika zenye besi, zima feni, na usipunguze sauti pale kichanga kinapoanza kulia. Lugha isikutie hofu: mazungumzo mengi ni ya Kijerumani, lakini kinachotoka nyuma ya ukuta ule hakihitaji tafsiri kwa Mwingereza wala kwa mtu wa Tanga.