Usikimbilie Kuziba Tundu: Namna ya Kusoma Maumivu ya Kifundo cha Mkono

Makurunge, wilayani Bagamoyo, kunalimwa miwa, na popote miwa inapokatwa kwa panga kifundo cha mkono hulipa gharama. Mkataji hubana mpini kwa nguvu, kiganja kimeelekea chini, na pigo linapotua kifundo hupinda upande wa kidole cha mwisho. Kila moja ya hayo matatu huongeza mzigo upande huohuo.

Maumivu yakianza, jina la kwanza linalotajwa ni mteguko. Mkono huchuliwa, diklofenaki hununuliwa duka la dawa, nafuu hupatikana, kisha panga likishikwa tena maumivu hurudi. Mteguko una siku yake: mgonjwa anakumbuka alianguka wapi. Uchakavu hauna siku. Huingia polepole, na hujitokeza mtu anapokamua nguo, anapofungua kifuniko kilichokaza, au anapojisukuma kwa viganja ili ainuke. Swali la lini na la kazi gani huanza kutenganisha magonjwa kabla ya kipimo chochote.

Kigasha kina mifupa miwili: radiasi upande wa gumba, ulna upande wa kidole cha mwisho. Kati ya ncha ya ulna na mifupa midogo ya kifundo kuna gegedu la pembetatu linalokaa kama mto. Sehemu yake ya katikati haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika haijijengi upya.

Kinacholila ni shinikizo. Palmer na Werner, watafiti wa Marekani, walipima mzigo kwenye mikono ya maiti na kuchapisha matokeo mwaka 1984. Kwa kawaida ulna hubeba takriban asilimia 18 ya mzigo wa kifundo. Ikirefushwa milimita 2.5, hubeba kama asilimia 42; ikifupishwa kiasi hichohicho, hubaki na kama asilimia 4. Mwaka 1989 Palmer aliupanga uchakavu katika hatua tano: gegedu kulika, mfupa wa jirani kuharibika uso wake, gegedu kutoboka, kano ya mifupa midogo kukatika, na mwisho baridi yabisi ya kiungo.

Daktari huutafuta uchakavu huo kwa mikono yake. Hubonyeza kishimo kilicho kando ya kichwa cha ulna. Kikiuma sana, hushuku mzizi wa gegedu au kano zake. Hupinda kifundo upande wa kidole cha mwisho, hukisukuma kuelekea kwenye kigasha, na kukizungusha. Maumivu hapo yanaonyesha kuwa tatizo liko eneo hilo, lakini hayataji mhusika. Kano inayopita mgongoni mwa ulna huweza kuleta maumivu yanayofanana, na jongo pia.

Kisha eksirei. Mgonjwa huinua bega nyuzi 90, hukunja kiwiko nyuzi 90, na kulaza kiganja. Masharti haya yana sababu: kigasha kikizungushwa, urefu wa ulna ukilinganishwa na radiasi hubadilika, na hapa milimita moja ni kubwa. Picha ya pili, ngumi ikiwa imebanwa na kiganja kikitazama chini, huonyesha mfupa unavyojitokeza kazini. MRI na kamera ndogo ndani ya kiungo huona tundu lenyewe. Hata hivyo, matundu kama hayo hukutwa pia kwa wazee wasioumwa kitu. Tundu peke yake halitoshi kuwa utambuzi.

Kwa hiyo tiba huanza kwa kupunguza mzigo: kuacha panga kwa muda, kuvaa banzi, dawa za maumivu kwa kipindi kifupi, na pengine sindano ya steroidi. Miezi kadhaa ya njia hii hutangulia kisu. Ikishindikana, daktari wa mifupa anaweza kusafisha kingo zilizochanika kwa kamera. Lakini ulna ikiwa ndefu, kusafisha peke yake huacha chanzo palepale. Ndipo ulna hukatwa milimita chache, upasuaji ambao daktari Milch aliueleza mwaka 1941, na siku hizi hufungwa kwa bamba na skrubu. Mfupa huchukua miezi kuunga, wakati mwingine hauungi, na bamba huweza kusumbua. Njia nyingine ni kupunguza ncha ya ulna pekee, milimita 2 hadi 4. Kiungo kati ya radiasi na ulna kikiwa tayari kimeharibika, kufupisha hakufai.

Milch alianzia kwa waliovunjika radiasi ikaunga vibaya. Radiasi ikipungua urefu, ulna hubaki ndefu bila yenyewe kuguswa. Aliyeanguka na bodaboda miaka iliyopita akalalamika leo anastahili kuulizwa kama alivunjika mkono, na eksirei ya mikono yote miwili ili ulinganisho uwepo. Kabla ya rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, maswali hayo machache na eksirei iliyopigwa kwa mkao sahihi vinaweza kuonyesha kama mzigo ndio chanzo, na ni milimita ngapi zinazousababisha.