Kitako Kimoja, Kimo Kimoja

Piga mstari mrefu ulionyooka kwenye karatasi. Sentimita 6 kutoka kwenye mstari huo weka nukta, uiite J, yaani Jua. Sasa rudi kwenye mstari na utie alama kila baada ya sentimita 3: A, B, C, D, na kuendelea hadi karatasi iishe. Unganisha kila alama na J. Utapata pembetatu zilizopangana kama njiti za mwavuli, nyingine zimesimama wima, nyingine zimelala ubavu hadi zinakaribia kuwa nyuzi. Kwa macho hazilingani hata kidogo. Lakini kila moja ina kitako cha sentimita 3 na kimo cha sentimita 6, kwa hiyo kila moja ina eneo la sentimita za mraba 9.

Chukulia kwamba zile alama ni nyayo za sayari isiyovutwa na kitu chochote, inayokata sentimita 3 kila sekunde. Maana yake ni kwamba hata kabla Jua halijafanya kazi yoyote, mstari unaotoka kwenye Jua hadi kwenye sayari unafagia maeneo sawa kwa nyakati sawa. Hapa ndipo Isaac Newton alipoanzia katika Pendekezo la 1 la Principia, kitabu kilichochapwa London mwaka 1687. Kila nikilirudia pendekezo hilo nastaajabu jinsi alivyoanza na kitu chepesi hivi.

Kwamba sayari hufagia maeneo sawa kwa nyakati sawa, Johannes Kepler alikwisha kuliandika mwaka 1609, baada ya kuhangaika miaka kadhaa na vipimo vya Tycho Brahe kuhusu sayari ya Mirihi. Kepler alijua kwamba ni hivyo. Sababu hasa hakuipata. Shuleni tuliikariri kanuni hiyo kama tulivyokariri majina ya sayari, na nilipata alama zangu bila kujua kwamba sababu yake ingeenea kwenye jalada la nyuma la daftari.

Turudi kwenye karatasi. Sayari imetoka A, imefika B. Ikiachwa, sekunde inayofuata itafika C. Lakini hapo B, Jua linaivuta mara moja, ghafla, kuelekea J. Sayari haifiki C tena. Inafika mahali pengine, tupaite P. Kwa kuwa mvuto ulikuwa kwenye njia ya B kwenda J, mkengeuko wote wa kutoka C hadi P ni sambamba na mstari BJ. Chora mstari huo mdogo kwa uangalifu, maana ndio unaobeba hoja nzima.

Sasa geuza karatasi ili mstari JB uwe chini, kama sakafu. Juu ya sakafu hiyo zimesimama pembetatu mbili: JBC, ya safari ambayo haikufanyika, na JBP, ya safari iliyofanyika. Kitako chao ni kimoja. Vilele vyao, C na P, viko juu ya mstari ulio sambamba na sakafu, kwa hiyo kimo chao ni kimoja. Basi eneo lao ni moja. Ni kama rundo la karata lililosukumwa kwa ubavu: limelala, lakini hakuna karata iliyoongezeka wala iliyopungua. Na kwa kuwa JBC ilikwisha kuwa sawa na JAB, basi JBP nayo ni sawa na JAB. Sayari imepindishwa njia, eneo halikuguswa.

Ona kile ambacho hoja hii haikukiuliza. Haikuuliza Jua linavuta kwa nguvu kiasi gani. P inaweza kuwa karibu na C au mbali nayo. Maadamu iko kwenye ule mstari sambamba, pembetatu haibadiliki eneo. Kinachohitajika ni mwelekeo tu. Newton akaligeuza jambo hilo katika Pendekezo la 2: ukiona maeneo sawa yanafagiliwa kuzunguka nukta fulani, jua kwamba kani inaelekea kwenye nukta hiyo. Kanuni ya Kepler, ikisomwa hivyo, inakuwa kidole kinacholionyesha Jua. Iliyobaki ni kuzikata sekunde ziwe ndogo na ndogo zaidi, mpaka njia yenye kona iwe njia iliyopinda.

Mwenye kalkulasi atayamaliza haya kwa mistari miwili. Naiheshimu mistari hiyo, na kazi nyingi haziwezekani bila kalkulasi. Ila aliyechora pembetatu ameiona sababu kwa macho yake, na hata akisahau alama zote za mlinganyo, ile sakafu na vilele viwili havitamtoka.

Ukitaka kuijaribu kwa tarakimu, itazame Dunia yetu. Mapema Januari iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, nayo inakwenda kilomita 30.29 kwa sekunde. Mapema Julai iko kilomita milioni 152.1, na mwendo umeshuka hadi 29.29. Zidisha umbali kwa mwendo: Januari unapata karibu 4,456, Julai 4,455. Ule mmoja uliopotea umeliwa na desimali tulizozikata.

Ufundi huu haukufa na karne ya 17. Tarehe 13 Machi 1964, mwanafizikia Richard Feynman alisimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Caltech, Marekani, akitaka kuwaonyesha kwa jiometri ya shule tu kwa nini njia ya sayari ni duaradufu. Alimfuata Newton hadi kwenye maeneo sawa, kisha akakwama, kwa sababu Newton alitumia sifa za duaradufu ambazo wasomi wa wakati wake walizijua kwa moyo. Akatafuta njia yake. Aliikata njia ya sayari kwa pembe sawa badala ya nyakati sawa. Kipande kilicho mbali na Jua huchukua muda mrefu zaidi, kwa kadiri ya mraba wa umbali. Lakini mvuto nao hupungua kwa kadiri ileile. Viwili hivyo vinafutana, na katika kila kipande badiliko la kasi lina urefu uleule. Ukiichora mishale yote ya kasi kutoka nukta moja, ncha zake zinapangana kwenye duara kamili. William Rowan Hamilton wa Ireland alikuwa ameliona duara hilo katika miaka ya 1840. Kutoka kwenye duara hilo Feynman akaitoa duaradufu. Picha za ubao wake zilipotea. David na Judith Goodstein waliijenga upya michoro kutokana na sauti iliyorekodiwa na kurasa chache za maandishi yake, wakaitoa katika kitabu mwaka 1996.

Aliyemchokoza Newton mpaka akaandika ni Edmond Halley, aliyemfuata Cambridge mwaka 1684 na swali kuhusu njia za sayari, kisha akagharamia uchapaji wa Principia kwa fedha zake mwenyewe. Nyota yenye mkia inayoitwa kwa jina lake ilipita karibu na Jua mwaka 1986 kwa mwendo wa kilomita 54 hivi kwa sekunde. Desemba 2023 ilifika ukingo wake wa mbali, nje ya njia ya Neptuni, ikiwa mbali na Jua mara 60 zaidi, na mwendo wake ulikuwa umepungua mara 60. Sasa imegeuka, iko njiani kurudi, nayo itapita tena karibu na Jua mwaka 2061.