Swali na Jibu katika Pango la Elgon: Uhakiki wa Kitabu cha Joseph Thomson

Masimulizi ya safari ni utanzu ambao wahakiki wa Afrika Mashariki hawajautilia maanani ipasavyo. Aghalabu vitabu vya wasafiri Wazungu husomwa kama hazina ya historia tu, au hukataliwa vyote kwa kuwa ni vya kikoloni. Njia zote mbili zina kasoro, maana humsahau mtu muhimu sana: mwenyeji aliyeulizwa maswali. Kitabu cha Joseph Thomson, Through Masai Land (1885), chadhihirisha jambo hili.

Mwishoni mwa 1883 Thomson, Mskoti wa miaka 25, aliuvuka uwanda wa Uasin Gishu, ambapo leo upo mji wa Eldoret. Wamaasai wa huko walikwisha kushindwa na kutawanywa katika vita vya Wamaasai wenyewe, naye akauona uwanda uliojaa wanyama bila watu. Alieleza alichokiona. Hata hivyo, nchi isiyokaliwa kwa muda si nchi isiyo na wenyewe. Mashimo ya Wasirikwa, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, yanashuhudia hivyo. Tume ya Wazayuni ilipoukagua uwanda huo mwaka 1905, na Makaburu walipofika na magari ya maksai mwaka 1908, ushahidi wa aina hiyo haukuzingatiwa.

Baada ya uwanda, Thomson alifika Mlima Elgon na kuwakuta Wakony, ambao leo huhesabiwa miongoni mwa Wasabaoti, wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Akawauliza ni nani aliyeyachimba. Wakamwonyesha shoka lao dogo, wakamwuliza vipi chombo kama hicho kingeweza kutoboa mwamba mkubwa namna ile. Wakasema ni kazi ya Mungu. Thomson aliandika jibu hilo, kisha akaliweka kando. Alidhani yalichimbwa na taifa lenye ustaarabu mkubwa lililotafuta madini, pengine Wamisri wa kale.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki. Jibu la Wakony lilikuwa hoja kamili: lina ushahidi, ambao ni shoka, na lina hitimisho, kwamba mapango hayo hayakufanywa na binadamu. Dhana ya Thomson haina ushahidi wowote ila imani yake kuwa jambo kubwa katika Afrika lazima litoke kwa wageni. Watafiti wa karne ya 20 wameonyesha kuwa mapango kama Kitum hutanuliwa na ndovu, ambao huingia gizani na kuchimba kwa pembe mwamba wenye chumvi. Wenyeji walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Haifai, hata hivyo, kumnyima Thomson haki yake. Angeweza kulificha jibu lililompinga, asifanye hivyo. Kwa sababu hiyo kitabu chake kina sauti mbili, ijapokuwa mwenye kalamu ndiye aliyejipa neno la mwisho. Maneno yenyewe ya Wakony yamepotea, maana yamefika kwetu kwa Kiingereza. Lakini hoja yao imesalimika. Kazi ya mhakiki ni kuitafuta hoja ya namna hiyo katika kila kitabu cha msafiri, na kuipima sawasawa na ya mwandishi.