Fumba Macho Kwanza: Mwongozo wa Kukagua Bunduki ya Mbao

Fundi aliniambia nifumbe macho kabla hajanikabidhi. Tulikuwa kwenye banda lake la mabati pale Natta, hatua chache kutoka barabara inayotoka Makutano kupitia Sanzate kwenda Mugumu, maranda yamejaa hadi vifundoni. Mimi nilikwenda kuagiza kitanda. Nikafumba. Kitu kikanitua mikononi, na kabla sijakitafakari mwili ulishakitambua: mkono wa kushoto ukateleza mbele, wa kulia ukakamata shingo, kitako kikaingia begani. Nilipita mgambo zaidi ya miaka ishirini iliyopita na nilidhani nimeshasahau.

"SAR," nikasema.

"Fumbua, mwanangu."

Ilikuwa mbao tupu, haijapakwa chochote, mistari ya penseli bado inaonekana ubavuni. Kwa macho, ungesema ni mguu wa meza uliokosewa. Pembeni yake, juu ya benchi, kulikuwa na nyingine iliyoletwa na kijana mmoja kutoka mjini ili fundi aone ya wenzake: nyeusi, inang'aa, ina kila skrubu iliyochorwa. Nikaishika ile. Nilihisi nimeshika kuni.

Tangu siku hiyo sijapita kwenye ofisi ya kijiji au kiwanja cha kwata bila kuomba kuzishika bunduki za mbao zilizopo, na wakufunzi wastaafu wameshanizoea. Msimamo wangu ni mmoja na sijaona sababu ya kuubadilisha: anza na mkono na bega. Macho yaje mwisho kabisa, baada ya kazi kwisha.

Sababu iko kwenye matumizi. Kwata ya mgambo kijijini huanza kwa fimbo, ikibahatika hupanda cheo hadi bunduki ya mbao, na ya chuma huja mwishoni, siku chache za kulenga shabaha, afande akiwa amesimama nyuma yako kama kivuli. Ndivyo wengi walivyoonja jeshi tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 (huo ulikuwa mwongozo mzito kuliko huu wangu) ulipotaka umma ujue kujilinda, miezi michache baada ya Guinea kuvamiwa na wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali kule Kampala. Miaka saba baadaye mgambo walikuwa miongoni mwa waliokwenda vitani Kagera. Mtu aliyejifunza na kipande cha mti kisicho na uzito wala urefu sahihi, siku atakapopewa chuma ataanza upya.

Kwa hiyo kabla hujaikagua ya mbao, ijue ya chuma. Hiyo tuliyozoea kuiita SAR ni karabini ya Mrusi Sergei Simonov, iliyoingia rasmi jeshi la Kisovieti mwaka 1949, na Wachina wakaanza kuitengeneza ya kwao mwaka 1956. JWTZ liliundwa 1964, na baadaye China ikawa mwalimu na mgavi wake mkubwa, na umbo hilo likatuingia: kitako cha mbao cha mtindo wa kizamani, magazini fupi ya risasi kumi iliyobana tumboni, singe iliyokunjwa chini ya mtutu. Urefu wake ni milimita 1,020, mtutu peke yake 520, uzito kilo 3.85 ikiwa haina risasi. Shika tarakimu hizo tatu. Fundi mzuri anazo kichwani, au amezichora kwa penseli kwenye nguzo ya banda, kama huyu wa Natta.

Kosa la kwanza utakaloliona ni mseto. Fundi ameona SAR kwa polisi wa benki na SMG (ile AK) kwenye filamu, akazichanganya: mwili wa SAR, magazini imepinda kama ndizi. Irudishe hapohapo, na usijione mkali. Magazini ya SAR ni kitumbo kidogo tu, nayo huamua mahali mkono wa kushoto unapokaa. Ikining'inia kama ya SMG, kuruta atajifunza kuikumbatia hiyo magazini, na tabia hiyo haitoki kirahisi. Kosa la pili ni kusahau kwamba SAR ina mirija miwili, mtutu chini na bomba la gesi juu yake, lililofunikwa kwa kipande chake cha mbao. Fundi mvivu huchonga mrija mmoja mwembamba, na kinachotoka ni gobore.

Sasa mbao yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mgrivelia ndio rahisi kupatikana, maana kila mwenye shamba kapanda mpakani. Unachongeka vizuri na hauchoshi tezo. Mkaratusi una nguvu lakini una kiburi. Ukikatwa leo na kuchongwa kesho, baada ya wiki mbili mtutu unatazama Musoma na kitako kinatazama Mugumu. Mninga ni bora kuliko yote, ila bei yake ni ya kabati la bwana harusi, na sijaona serikali ya kijiji iliyotenga fungu la mninga kwa ajili ya kuruta. Mti wowote utakaochaguliwa, uliza ulikauka wapi na kwa muda gani. Ubao uliokauka kivulini, umepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia juu, kavu. Ule mbichi unaguna. Kisha inua bunduki hadi usawa wa jicho, ielekeze mlangoni penye mwanga, na utazame kwa urefu wake kama unayetazama uzi wa sindano. Mpindo wa nusu sentimeta utauona bila rula.

Halafu geuza, tafuta shingo. Shingo ndiyo sehemu nyembamba nyuma ya kifyatulio, pale kiganja cha kulia kinapozunguka, na ndipo bunduki za mbao hufia. Nyuzi za mti lazima zipite shingoni kwa urefu, kutoka kitakoni kwenda mbele, bila kukatika. Fundi aliyetaka kubana matumizi ya ubao hulaza kiolezo upande, nyuzi zikakata shingo kimshazari. Inapendeza, kwa kuwa michoro ya mti inajitokeza pale kama mawimbi, na mnunuzi mgeni huisifia hiyohiyo. Kisha kuruta sitini wanaamriwa washushe silaha, vitako sitini vinagonga ardhi kwa mpigo mmoja, na vitatu vinabaki chini vyenyewe. Nimeiona siku hiyo. Afande alicheka kuliko sisi.

Ukiwa na shaka, lowesha kidole kwa mate na upake shingoni. Nyuzi zitajitokeza, na utajua zinakoelekea. Ukikuta gundi na vumbi la msumeno limejaziwa kwenye ufa, usinunue hata kwa nusu bei.

Uzito ndio unaotenganisha fundi na mchongaji. Bunduki ya mgrivelia mtupu haifiki hata nusu ya kilo 3.85, na mtu anayefanya kwata na kitu chepesi hujifunza kurusha mikono. Fundi mwerevu hutoboa kitako kwa nyuma na kuziba ndani yake kipande cha nondo, kisha hulaza nondo nyingine ndefu kwenye mfereji chini ya mtutu na kuifunika kwa mbao, ambayo kwa nje inakuwa ile singe iliyokunjwa. Lakini kuongeza uzito ni nusu ya kazi. Iweke bunduki juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya magazini. Itulie. Ikianguka kwa nyuma, nondo ya kitako imezidi; ikiinamia mbele, fundi alikuwa na haraka. Kuna wanaoona hii ni mbwembwe. Mimi naona ndiyo kazi yote.

Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako pawe shubiri moja na nusu hivi, zaidi kidogo ya sentimeta 30. SAR ni fupi hapo, na watu warefu hulalamika kwamba kidole gumba kinakaribia kugonga pua. Fundi akijaribu kuwahurumia kwa kurefusha kitako, ameharibu.

Wazee wa Natta wangeyaelewa haya bila mimi kuyaandika. Hapa ni nchi ya wawindaji, upinde na mshale wa sumu vilikuwa riziki kabla ya mipaka ya Serengeti na Grumeti kuchorwa. Mzee mmoja nilimpelekea upinde nilioununua ghali kwa sababu ya nakshi zake za moto. Hakuzitazama. Aliuvuta mara moja, akasikiliza, akauvuta tena nusu, akanirudishia akisema, "Huu mpe mtalii." Nilimuaga vizuri, nikaondoka nao.

Na Wazungu nao wana ugonjwa huu wa kuiga bunduki, tena wa pesa nyingi. Waingereza walichukua Lee-Enfield, ndugu ya zile alizobeba askari wa kikoloni wa KAR, wakaitia mtutu wa .22, risasi ndogo ile inayopigwa ukingoni mwa kitako chake, ili askari apige mazoezi kwa gharama nafuu bila kubadili bunduki mikononi. Wajerumani kabla ya vita ya pili walikuwa na .22 zao zilizojengwa kwa umbo la Mauser. Huko Marekani leo wapo wanaonunua .22 ya kampuni ya Ruger, iliyotoka mwaka 1964, wakaivua kitako chake na kuivisha kingine ili ifanane na karabini ya M1 waliyobeba babu zao tangu miaka ya 1940. Wengi wao hukagua kwa macho: rangi ya mbao, mhuri, mkanda wa turubai. Yule anayejua huuliza kama inakaa begani kama M1, ambayo ilikuwa na kilo mbili na nusu tu. Hapo mimi naye tungeelewana, ingawa silaha yake inaua na yangu inaliwa na mchwa.

Kuhusu mchwa: oili chafu ya gari huwafukuza, na ndiyo wengi hupaka. Inaipa mbao weusi mzuri wa uzee, lakini wiki nzima mashati ya kuruta yatakuwa na bega moja chafu. Mafuta ya kitani ni bora ukiyapata. Sehemu zinazoiga chuma zipakwe ile rangi ya ubao wa shule, isiyong'aa. Rangi ya mafuta inayometa ni dalili kwamba kuna kitu kimefichwa chini yake, kwa kawaida putty. Skrubu za kuchora na namba za kilengeo (ile ya kweli imeandikwa hadi mita 1,000, matumaini makubwa hayo) sizipi alama yoyote.

Jambo moja tu la macho ninalolidai: mdomo wa mtutu upakwe rangi nyekundu, na usitobolewe. Marekani bunduki za watoto huwekwa kidomo cha rangi ya chungwa kwa amri ya serikali. Sisi tufanye kwa akili tu. Fundi anayejivunia kwamba kazi yake imemtisha dereva wa daladala usiku hajakuonyesha ufundi, amekuonyesha kesi. Na anayekupa mtutu wa bomba la chuma, mrudishie haraka na usikae bandani kwake kunywa chai.

Kukagua ya zamani ni rahisi zaidi. Geuza kitako. Kikiwa kimetafunwa pembe moja tu, ilikuwa ikigongwa vibaya, huenda kwa sababu ilikuwa ndefu mno. Kikiwa kimechakaa sawasawa, pembe zote zimekuwa duara, umepata bunduki iliyokaa vizuri kwa watu wengi wa vimo tofauti, na ukiiona ofisi fulani ya kijiji imeitupa nyuma ya magunia ya mbolea, omba wakuuzie.

Nilimwambia fundi wa Natta kwamba yake ningeinunua vilevile ilivyo, bila rangi. Hakunijibu. Aliichukua, akafumba macho yeye mwenyewe, akaipandisha begani, akaishusha, akaipandisha tena. Akatikisa kichwa.

"Pua nzito," akasema.

Mimi sikuwa nimeihisi. Akaibana kwenye jiliwa, akageuza ile mbao ya singe juu, akavuta randa. Maranda mawili membamba yakajikunja na kuanguka. Akaifungua, akafumba macho, akapandisha.

"Bado. Kitanda njoo Jumamosi, mwanangu."