Dhamira si Orodha: Utetezi wa Karama katika Kusadikika na Uandishi wa Tasnifu za Fasihi

Tasnifu nyingi zinazohakiki riwaya ya Kiswahili huwa na lengo mahususi linaloanza na kitenzi "kubainisha". Mtafiti huahidi kubainisha dhamira za kitabu fulani, na anapofika katika sura ya uwasilishaji na uchambuzi wa data hugawa sura hiyo kwa vichwa vidogo: uongozi mbaya, umuhimu wa elimu, nafasi ya mwanamke, mapenzi na ndoa. Chini ya kila kichwa huwekwa dondoo moja au mbili, kisha sentensi ya kuthibitisha kwamba jambo hilo limo pia katika jamii. Mwandishi wa makala hii naye aliwahi kuandika hivyo, na alipata alama nzuri. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho hutimizwa na orodha. Aliyeahidi kubainisha hawezi kulaumiwa akibainisha tu.

Makala hii inadai kwamba dhamira katika masimulizi ni kazi inayotendwa na muundo wake, wala haiwezi kuokotwa kama punje zilizomwagwa ukurasani. Inadai pia kwamba udhaifu wa sura nyingi za uchambuzi hutokana na kuchanganya mambo matatu: mada, ambayo ni jambo linalozungumziwa, dhamira, ambayo ni lile linalosumbua kazi ya fasihi kuhusu jambo hilo, na hoja, ambayo ni dai la mtafiti mwenyewe, linaloweza kupingwa. "Uongozi mbaya" ni mada. Hakuna mtahini anayeweza kuipinga, na kwa sababu hiyo haithibitishi chochote.

Mfano unaofaa ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Umechaguliwa kwa sababu riwaya hii fupi imehakikiwa mara nyingi kwa njia ya orodha, na pia kwa sababu ndani yake yumo mtu anayefanya kile ambacho mtahiniwa hutakiwa kufanya: anasimama mbele ya baraza lisilomwamini na kutetea hoja moja kwa ushahidi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi iliyo angani. Angeweza kujibu kwa kueleza faida za sheria. Badala yake anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa na Kusadikika yenyewe kwenda pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, kutafuta yale yatakayoifaa nchi. Kila mmoja alikwenda, akaona, akarudi na habari. Kila mmoja aliadhibiwa.

Mhakiki wa orodha huona hapa dhamira ya dhuluma na huhesabu mifano sita. Lakini idadi hiyo si ya kuongeza uzito tu. Tukio hili likisimuliwa mara moja, msomaji atadhani mjumbe alikosea maneno, au mfalme aliamka vibaya siku ile. Likisimuliwa mara mbili, atashuku. Likifika mara ya sita, hakuna tena nafasi ya kulihesabu kuwa bahati mbaya: ni desturi, na desturi inayofuatwa bila kukosa ni sheria, hata kama haijaandikwa popote. Hapo ndipo shtaka la Majivuno linapogeuka. Karama anatuhumiwa kuleta sheria mahali pasipo nayo, ilhali simulizi zake zinaonyesha kwamba Kusadikika inayo sheria tayari, nayo ni kwamba nchi itamtuma mtu kutazama, kisha itamfunga kwa sababu ametazama. Jambo hili halimo katika simulizi yoyote moja kati ya zile sita. Limo katika kurudiwa kwake. Ukiutoa muundo, dhamira hii hutoweka, na kinachobaki ni dhuluma ya jumla inayopatikana katika vitabu mia.

Kwa mtazamo huu, kinachoisumbua riwaya ni uhusiano wa dola na maarifa iliyoyaomba yenyewe. Wajumbe hawa si waasi. Hawakutoroka, hawakupanga njama. Walikwenda kwa amri na wakarudi kwa utii. Tukikumbuka kwamba mwandishi aliishi na kufanya kazi akiwa mtumishi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, tunaweza kuona kwa nini mtumishi mwaminifu anayeadhibiwa kwa uaminifu wake lilikuwa jambo la kufikiriwa kwa uzito, ingawa si lazima tuifanye riwaya nzima kuwa fumbo la ukoloni ili kulitambua.

Uhakiki wa mtindo wa orodha hulalamika pia kwamba wahusika hawa ni bapa. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Ukibadilisha majina ya Kabuli na Auni, msomaji wengi hawatagutuka, na ni lazima kukiri kwamba habari za nchi njema walizozitembelea huchosha, hasa pale mwandishi anapohubiri kupitia vinywa vyao. Hata hivyo, lawama hiyo inahitaji kupimwa dhidi ya kazi ambayo wahusika hao wamepewa. Laiti kila mjumbe angekuwa na tabia yake ya pekee, tungeitafuta sababu ya adhabu katika tabia hiyo. Kufanana kwao kunatulazimisha kumtazama anayeadhibu. Ubapa huo, kwa hiyo, ni sehemu ya ushahidi wa Karama, na hapa mgawanyo wa kawaida wa fani katika sura moja na maudhui katika sura nyingine unamzuia mtafiti asione kilicho mbele ya macho yake.

Sehemu dhaifu zaidi ya riwaya ni ushindi wa Karama. Baada ya mfululizo uliojengwa kwa makini hivyo, msomaji anamwona Karama kuwa mjumbe wa saba: naye ameleta habari, naye anangoja hukumu. Muundo wote unatabiri kwamba atafungwa. Anapoachiliwa, mfululizo unavunjika kwa nguvu ya ufasaha wa mtu mmoja. Wahakiki wa mrengo wa Kimarx wamemlaumu Shaaban Robert kwa kuweka matumaini katika shujaa mmoja mwadilifu badala ya umma, na lawama yao ina msingi. Ila hawakutaja daima kwamba udhaifu huo unaonekana kutokana na riwaya yenyewe: simulizi sita zimetufundisha kutoamini kwamba maneno mema humtosha mtawala, kisha simulizi ya saba inatuomba tuamini. Mvutano huu ni dhamira pia, pengine iliyo hai kuliko zote, na hakuna kichwa kidogo katika orodha kinachoweza kuubeba.

Kipimo kimoja chepesi kinaweza kumsaidia mtahini. Achukue aya ya tasnifu inayojadili "uongozi mbaya" katika Kusadikika, abadilishe majina, na aihamishie katika Kufikirika ya mwandishi huyohuyo, ambamo mfalme anahangaishwa na ukosefu wa mrithi; kisha aihamishie katika Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed, ambamo suala ni unyonyaji wa wakulima na wafanyakazi. Iwapo aya itasimama kote bila kutikisika, basi haikuwa ikizungumzia kitabu chochote kati ya hivyo.

Karama asingeshinda kwa kulieleza baraza kwamba miongoni mwa dhamira za kesi yake zimo haki, elimu na uzalendo. Alichagua dai moja, akatafuta ushahidi unaoweza kukanushwa na yeyote mwenye kumbukumbu, akaupanga ili kila sehemu iilazimishe inayofuata. Lengo mahususi la mtafiti wa riwaya hii, kwa hiyo, lingeweza kuandikwa hivi: kueleza kwa nini mwandishi alihitaji wajumbe sita, na ni nini kingepotea kama angetosheka na watatu.