Mkono wa Anne V. Coates

Ikitajwa filamu ya Lawrence of Arabia ya 1962, sifa humwendea mwigizaji Peter O'Toole au mwongozaji David Lean. Mimi nampa mkono Anne V. Coates, mhariri aliyeikata na kuiunga.

Katika onyesho moja, Lawrence anaipuliza njiti ya kiberiti, na ghafla tumo jangwani, jua likichomoza. Awali ilipangwa picha ya kwanza ififie polepole ndani ya ya pili. Lakini enzi hizo mfifio uliongezwa baadaye maabara. Mezani kwa mhariri vipande viliungwa vikavu. Lean na Coates walipovitazama hivyo wakaona inatosha. Coates akapunguza fremu mbili tu, yaani sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Nani mwingine angehangaika na kitu kidogo hivyo?

Kisha mhariri huyohuyo anajua kutulia: Omar Sharif anapotokea ndani ya mazigazi juu ya ngamia, picha zinaachwa zirefuke hadi mtazamaji anajikuna kwa wasiwasi. Kwangu, hapo ndipo penye ufundi mkubwa zaidi.

Kazi hiyo ilimpa Oscar. Aliendelea kukata filamu hadi akakaribia miaka 90.