Msasi Anayeijua Miezi

Babu yangu, guku kwa lugha ya nyumbani, alikuwa akiuvua upote wa upinde wake kila mvua za Novemba zilipoanza kunukia. Aliukunja taratibu, akautia ndani ya kibuyu, akakitundika juu ya moshi wa jiko la bibi. Upote ule ulisokotwa kwa kano za mnyama, na kano ikinywa unyevu hulegea. Upinde uliolegea, alisema, ni fimbo ya kuchungia mbuzi. Mimi mtoto wa Itilima, niliyekua nikiogopa palizi ya pamba kuliko simba, hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la usasi: kabla ya kugusa mshale, iulize hewa.

Ujuzi ule alikwenda kuuchukua mbali. Ujanani alikuwa akitembea siku kadhaa kuingia Meatu, hadi kwenye mapori ya magharibi mwa Ziwa Eyasi wanakoishi baadhi ya Wahadzabe. Mgongoni alibeba tumbaku na misumari. Wahadzabe hawafui chuma kwa moto. Msumari huulaza juu ya jiwe na kuugonga ukiwa baridi mpaka uwe chembe ya mshale. Babu alirudi na asali, na mara moja alirudi na upinde. Ulikuwa mrefu kumpita yeye mwenyewe, na vijana wawili wa kijijini walioujaribu kwa mbwembwe hawakuuvuta hata nusu.

Lakini aliporudi hakusimulia nguvu. Alisimulia miezi. Masika, alisema, mnyama hana shida na mtu. Kila dimbwi ni kisima chake, kila bonde lina majani, basi hutawanyika. Ukikaa kumngoja utangoja mpaka uote uyoga. Kwa hiyo msasi wa masika hutembea, tena peke yake, tangu alfajiri. Majani yaliyolowa hayapigi kelele chini ya unyayo, na udongo laini huhifadhi kila kwato.

Siku moja, kando ya lambo la ng'ombe, alinichuchumaza mbele ya nyayo za mbuzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kuuacha udongo na vishimo vidogo vidogo vya matone. "Tazama ndani ya unyayo," akasema. Unyayo wa kwanza ulikuwa na vishimo ndani yake: mbuzi alitangulia, mvua ikafuata. Wa pili ulikuwa umevikanyaga vishimo na kuvibana: mvua ilitangulia. "Yule wa kwanza usimfuate, mjukuu wangu. Yuko Shinyanga huyo." Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sikumbuki ukurasa ulionishika namna ile.

Mvua hiyohiyo inayoandika ndiyo inayofuta, na hapo ndipo masika hupima akili ya mtu. Mshale wa Mhadzabe kwa mnyama mkubwa huwa na sumu, inayochemshwa kutokana na utomvu wa waridi la jangwani au kutengenezwa kwa mbegu za mmea mwingine wa porini, kisha shingo ya mshale huviringishiwa ukanda wa ngozi. Sumu haiangushi papo hapo. Aliyepiga hakimbilii, huondoka zake, akaja kufuata nyayo na damu baadaye, pengine kesho yake. Sasa fikiria umepiga swala jioni na wingu jeusi limesimama juu ya Eyasi. Guku alisema mshale wa namna hiyo hautolewi podoni. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe: mkono unaoweza kulenga, ukakubali kutulia.

Mwezi wa Mei mvua zikiaga, madume ya swala pala huingia wazimu wa kupandana. Hukoroma na kunguruma hata mgeni akadhani chui, hufukuzana mchana kutwa, husahau kula. Dume wa namna hiyo hatazami nyuma. Babu aliita huo msimu wa wavivu, na hakuwahi kujisifia mnyama wa Mei.

Alichokiheshimu ni kiangazi. Kufikia Septemba majani makavu yanavunjika kama bisi kikaangoni, nyasi zimeungua, na mnyama anakuona ukiwa bado kidoti. Kutembea ni kujitangaza. Hapo msasi hugeuka kabisa: yule mtembezi wa masika sasa anakaa. Maji yamebaki mahali pachache, na kila mwenye kiu atafika. Wahadzabe hujenga kizuizi cha kujificha karibu na kisima, wakavizia usiku, kwa kawaida wawili, kwa sababu simba naye anakijua kisima hicho. Babu alikuwa akichukua majivu kidogo kati ya vidole viwili na kuyaachia. Yakienda upande wa maji, aliinuka akarudi kulala. Safari ya siku nzima, imekwisha kwa chembe za majivu! Nilimwuliza kama haikumuuma. Akasema swala hana haraka ya kufa, kwa nini yeye awe na haraka?

Najua ninamsifia nani, na wakati gani. Leo ukitoka Bariadi kuelekea mashariki utafika kwenye Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Serengeti, na kuwinda bila kibali ni kosa. Sina ugomvi na hilo. Watu tumeongezeka, mashamba yameongezeka, pori halikuongezeka. Msimu wa vibali hufunguliwa Julai 1, kiangazi kikiwa kimeshika, kwa hiyo serikali nayo ina kalenda yake. Ninachogombana nacho ni mazoea ya kumwita kila mwenye upinde jangili. Jangili wa siku hizi hutega tanzi la waya. Tanzi halina mwezi. Linanasa Februari nyumbu jike akiwa na mimba au na ndama wa jana, linanasa Septemba mnyama aliyedhoofika kwa kiu, linanasa fisi ambaye hakuna anayemtaka, na mwenyewe yuko kilabuni. Kumweka mtu huyo neno moja na yule aliyerudi kulala kwa sababu ya majivu ni dhuluma kwa lugha ya Kiswahili, ambayo ina neno msasi na imeliacha lipate vumbi.

Upinde wenyewe uko kwa shangazi, Nkoma. Nilikwenda kuutazama mwaka jana. Mti ni mzima. Kibuyu kilikuwa kimeshushwa kutoka jikoni kikawekwa chini ya kitanda, na upote panya wameutafuna wote.